Kufunga, kuandika kurasa, kupiga ukulele: ni nini inatufaa siye wa Luena?



Katika simu zetu tunakutana kila siku na watu wa mbali wenye wanajieleza kwa maneno matatu tu: nafunga masaa 16 kwa siku, naandika kurasa za intaneti, napiga ukulele. Ukiwasoma ukiwa Luena, unaona kwanza frigo yenye imejaa, kisha kompyuta juu ya meza, kisha jioni yenye umeme. Mimi nilipata lisansi ya agronomia, nikarudi huku kwetu, na katika ile miezi ya kungojea kazi nilijaribu yote matatu. Nilikuwa nimewaza kubakia nayo kimya. Lakini wiki iliyopita mudogo wetu mumoja, mwanafunzi, aliniandikia pembeni: "Yaya, siku hizi ninakula paka mara moja, mangaribi. Ni jeûne intermittent. Wanasema inasafisha mwili." Nikamuuliza kama kwao kuko unga. Hakujibu mpaka kesho yake.

Njo maana ninaandika, na nitaanza na hiyo ya kufunga.

Kufunga kwenyewe si kitu kigeni kwetu. Wakatoliki wana Kwaresima, Waislamu wana Ramadani, na makanisa ya uamsho yanapanga siku tatu za kufunga na kuomba kila mara jambo likiwa nguvu. Chenye kilikuja kipya ni kufunga kwa kuangalia saa: masaa 16 bila chakula, masaa 8 ya kula, kwa ajili ya uzito ao afya. Ndani ya mwili inaenda hivi. Kisha kula, ini linaweka akiba ya sukari, karibu gramu 100. Usiku mwili unaitumia pole pole. Akiba ikianza kuisha, mwili unageukia mafuta, na ini linayageuza kuwa ketoni, ambazo hata ubongo unaweza kutumia. Mutu mwenye mafuta mengi ana mahali pa kutoa. Mutu mwenye amekonda, mwili wake unaenda kutafuta pia kwenye misuli.

Wenye kusifu kufunga wanapenda kutaja autofagia, yaani seli kula na kutengeneza upya vipande vyake vyenye vimezeeka. Ni kweli kwamba Mujapani Yoshinori Ohsumi alipata Nobel mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Lakini kazi yake kubwa aliifanya kwa hamira, ile ya mukate. Hamira haikuambie ukiruka bukari ya saa sita utapona nini.

Kuko uchunguzi mwingine wenye ninaupenda zaidi, juu ulifanywa na watu. Ulitolewa mwaka 2022, kutoka Guangzhou, China. Walichukua watu 139, wote wanene sana, wakawapunguzia chakula wote kwa mwaka muzima. Nusu waliambiwa wakule tu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi. Nusu nyingine wakule saa yoyote. Wa kwanza walipunguza karibu kilo 8, wa pili karibu kilo 6, na kwa hesabu za takwimu hiyo tofauti haikutosha kusema saa njo zilifanya kazi. Kilichofanya kazi ni chakula kupungua. Sasa usome tena: wote wanene sana. Hakuna mutu alichukua wanafunzi wa huku wenye kilo 52 akawapunguzia chakula kwa ajili ya afya yao.

Hapa agronomia inanilazimisha niongeze neno juu ya sahani. Ukila mara moja kwa siku, kila kitu kinategemea ile mara moja. Bukari yetu, mama anachanganya unga wa mahindi na wa muhogo kufuatana na musimu na makuta. Muhogo muchungu unatoa sianidi, njo maana unaloweshwa siku tatu ao ine. Sumu kidogo yenye inabakia, mwili unaweza kuitoa, lakini kwa kazi hiyo unahitaji protini zenye salfa: samaki, nyama, maharagi. Kule Kwango, mwaka 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wenye Wayaka walikuwa wanaita konzo, jina la miguu iliyofungwa. Mutu analala muzima, kisha miguu inakatala, na hairudi tena sawa. Unapatikana mahali watu wanafupisha kulowesha muhogo, tena chakula kinabakia paka muhogo bila samaki. Sisemi mutu akiruka chakula kimoja atapata konzo. Ninasema hivi: kupunguza mara za kula wakati sahani yenyewe imekwisha kupungua, hiyo ni njaa, hata ukiipatia jina la Kifaransa.

Na mimi mwenyewe? Nilifunga majuma saba. Juma la kwanza kichwa kiliuma, la tatu nikajiona mwepesi, nikaanza hata kuhubiria wengine. Juma la saba malaria ikanishika. Nikapewa vidonge vya artemeta na lumefantrini, vile vya siku tatu, mara mbili kwa siku. Vya asubuhi nilivimeza kwa maji matupu, juu masaa yangu 16 yalikuwa hayajaisha. Homa ilishuka, kisha siku chache ikarudi. Muganga aliniuliza neno moja: ulikula nini na dawa? Lumefantrini inaingia vizuri ndani ya damu kama inakutana na mafuta: mayai, karanga, maziwa, hata bukari na mboga ya kukaanga. Tumboni mutupu, sehemu kubwa inapita bure. Sijui kwa hakika kama njo ilinirudisha kitandani, lakini nilijua siku hiyo kwamba nilikuwa nacheza.

Basi, kama una uzito wa kupunguza na chakula hakikosi kwenu, funga, hakuna ubaya, maji unywe. Kama wewe ni SS, achana nayo, zaidi ile ya kukaa bila maji: maji yakipungua mwilini, mukasi wa maumivu unafika haraka. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kumeza dawa za sukari, mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha, vilevile. Na kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mahindi ya mwaka jana yameisha na ya mwaka huu hayajakomaa, huku kwetu hakuna mutu anapaswa kufundishwa kufunga.

Kurasa za intaneti zinaniletea furaha zaidi, na hapa ninataka kuondoa woga mumoja: watu wanafikiri inaomba kompyuta na mega mingi. Hapana. Ukurasa ni maandishi tu. Tim Berners-Lee alianzisha mambo haya kule CERN, Uswisi, na ukurasa wa kwanza ulitoka mwaka 1991. Mupaka leo, maandishi ya namna ile yanafunguka ndani ya simu ya bei ya chini kabisa. Unatafuta programu ndogo ya kuandikia, unaandika HTML yako, unaihifadhi kwa jina lenye kuisha na .html, unaigusa, inafunguka. Bila kredi, bila reseau, hata ukiwa shambani. Kazi ya nguvu iko kwenye vidole: kutafuta zile alama mbili za mishale ndani ya kibodi ya simu kunamaliza upendo. Na simu ikizimika inaenda kwanza kulipiwa kwenye kibanda cha kuchajia. Nilijizoeza kuandika kwa karatasi mbele, kisha kunakili.

Kitu changu cha kwanza kilikuwa cha shamba. Mama alikuwa anauliza kila mwaka: mbegu kilo ngapi? Mahindi tukipanda kwa sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, hekta moja ina mashimo 53 333. Kama mbegu 1 000 zina uzito wa gramu 300, na katika 100 zinaota 85, inaomba karibu kilo 19. Kwa robo ya hekta, kilo 5 zinatosha. Hesabu ya kalamu, lakini kila mutu ana vipimo vyake, njo maana ukurasa wenye kuhesabu unafaa. Nikaongeza JavaScript, ile luga yenye Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi (na wakati mwingine unaona kabisa zilikuwa siku kumi).

Siku nilimuonyesha mama, aliandika 0,75 na 0,25 vile tulifundishwa sote kwa masomo. Ukurasa ukajibu: Infinity. Yaani mbegu zisizo na mwisho. Mama akasema basi tukope pesa kwa benki. Nilitafuta siku mbili. Kumbe ile luga inajua paka nukta. Ikikuta koma inaachia hapo, inasoma 0, na mimi nilikuwa nagawanya kwa 0. Mustari mumoja wa kugeuza koma kuwa nukta ulimaliza shida. Lakini nilielewa kitu chenye masomo hayakunipa: programu nyingi ziliandikwa na watu wenye hawakuwaza kama mutu wa Luena anaandika namba namna gani. Kama siye hatuandiki zetu, tutabakia kuandika sufuri bila kujua.

Ukulele nayo ilitoka ndani ya ukurasa ule ule.

Yenyewe ni gitaa ndogo ya nyuzi ine. Mababu yake ni kinanda kidogo cha Wareno wa kisiwa cha Madeira. Wahamaji walikifikisha Honolulu mwaka 1879, ndani ya meli Ravenscrag, na maseremala wao watatu wakaanza kukitengeneza kule. Kwa hiyo ni chombo cha watu wenye walisafiri kutafuta kazi ya mashamba ya sukari. Huku Luena, muji wenye ulikuzwa na makala ya mawe na reli, hiyo hadisi haitushangaze.

Ya dukani sina. Nilitengeneza: bati la mafuta la lita 5, shingo ya muti wa mulombwa, vigingi vya kuchonga, na nyuzi za nailoni ya kuvulia, ile wavuvi wa Bukama wanatumia. Unene karibu milimita 0,9 kwa uzi wa Do, 0,75 kwa Mi, 0,6 kwa La na kwa Sol. Shida kubwa ni ngazi, vile vyuma vya kukata shingo, ambavyo mimi nilivikata kutoka gurudumu la kinga. Ukiviweka kwa macho, kila wimbo unalia kama mubuzi. Kuko kanuni: urefu wa uzi wenye unabakia, ugawanye kwa 17,817, hapo njo ngazi inayofuata, kisha urudilie. Uzi wangu una sentimita 34. Ngazi ya kwanza ilikuja 1,91 kutoka juu, ya pili 3,71, ya tatu 5,41, ya tano 8,53, ya saba 11,31, na ya kumi na mbili inaanguka sawasawa katikati, 17. Nilitumia ukurasa wa mbegu, nikageuza mistari sita. Safari hii niliandika nukta.

Nyuzi zinaitika Sol, Do, Mi, La. Kidole kimoja kwa ngazi ya tatu ya La kinakupa akordi ya Do. Kidole kimoja kwa ngazi ya pili ya Sol kinakupa La minere. Siku moja inatosha kwa hizo mbili.

Lakini siye wa Katanga tuna shida yetu ya pekee, tena tamu. Masikio yetu yanataka Mwenda Jean Bosco, yule muzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930, mwenye Hugh Tracey alimurekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Yeye alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kinatembeza sauti za chini, cha shahada kinaimba juu, unafikiri ni watu wawili. Nilijaribu hivyo kwa ukulele, haikukubali. Sababu niliipata nyuma: uzi wa karibu na kidole gumba, ule wa Sol, si wa sauti ya chini, uko wa juu. Gumba linatafuta mulango chini, linajikuta kwenye dari. Dawa iko: ondoa ule uzi, weka munene wenye kulia Sol ya chini. Niliweka nailoni ya milimita 1,2. Inalia kidogo kama kamba ya mbuzi, lakini gumba limepata kazi yake, na jirani mumoja muzee, mwenye alikuwa ananifungia dirisha, juzi alibakia nje mpaka nilipomaliza.

Yule mudogo wetu alijibu kesho yake kwamba unga kwao umeisha tangu juma lililopita. Tumezungumza mengine, hayo si ya hapa. Anakuja kwetu siku ya posho, tunakula kwanza.

Mwenye anataka ile ukurasa ya mbegu na ngazi, anipatie simu tukikutana, nitamutumia kwa Bluetooth, inaingia kwa sekunde. Na mwenye anaenda Bukama, tafadhali aniletee mita tano za nailoni ya 0,9. Uzi wangu wa Do umekatika jana.