Taa Nzuri, Lakini Hasara ya Nani?



Mkipita Gakinjiro ya Gisozi, hapa Kigali, mnawaona maseremala na wachomeleaji vyuma. Leo tuzungumze juu ya kazi ndogo isiyotajwa sana: kugeuza vyombo vya zamani vya udongo, kauri na kioo kuwa taa za umeme.

Kazi hii si ngeni kwetu. Kabla umeme haujafika vijijini, fundi wa Rwanda alichukua kopo tupu, akalitia utambi na mafuta ya taa, akapata agatadowa, ambayo Waswahili huiita kibatari au koroboi. Wenzetu wa Kitengela, karibu na Nairobi, huyeyusha vioo vikuukuu na kutengeneza vyombo vipya. Kule Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007, imewapa watu wenye ulemavu kazi kama hiyo ya chupa zilizotumika.

Lakini chupa ikivunjika, ipo nyingine. Ikibindi cha bibi, kilichowekwa pembeni baada ya madumu ya plastiki kuingia, hakina kingine. Vilevile birika la kauri la miaka mingi. Basi fundi anapokitoboa kipitishe waya nacho kikapasuka, nani alipe? Mara nyingi fundi hulipwa kwa kila taa iliyokamilika. Chombo kikipasuka, siku yake imepotea, na pengine anakatwa bei ya chombo pia. Mwenye duka hapotezi kitu. Huo ni unyonyaji.

Ndugu zangu, chombo cha zamani kinaweza kuwa na ufa usioonekana. Kigonge polepole kwa kidole kabla ya kuanza. Kikilia vizuri, kuna matumaini. Kikitoa sauti ya kukwama, kina ufa. Mwite mwenye mali asikie mwenyewe, mkubaliane mbele ya shahidi kwamba kikipasuka si kosa lako.

Tena si lazima kutoboa. Chonga kizibo cha mbao kinachobana mdomo wa chombo, funga kishikio cha balbu juu yake, na waya utokee hapo hapo shingoni. Chombo kinabaki kizima na thamani yake haishuki. Tumia balbu za LED, kwa sababu hazitoi joto kali kama zile za zamani, na joto huweza kupasua kauri.

Ikibidi kutoboa, tumia ncha ya almasi, zungusha polepole, na maji yawepo wakati wote. Maji hupoza chombo na kuzuia vumbi. Ila mashine ya umeme na maji ni maadui: tumia mashine ya betri, au weka maji kidogo tu mahali pa kutobolea. Vumbi la kauri na udongo lina silika, ambayo huharibu mapafu, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Rangi ya kung'aa ya vyombo vya zamani huweza kuwa na risasi, ile sumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Miwani na kinga nzuri ya pua na mdomo ni vifaa vya kazi kama nyundo, na anayekupa kazi anapaswa kuvitoa.

Wako wanaosema, "Sisi ni watu wa vibarua, sheria haituhusu." Si kweli. Sheria ya Kazi namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtambua hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Ana haki ya mshahara, haki ya usalama kazini, na haki ya kuunda chama cha wafanyakazi.

Basi mafundi wa taa, kaeni pamoja mpange mambo matatu: bei ya chini ya kila taa, malipo ya muda uliotumika hata chombo kikipasuka, na vifaa vya kinga. Fundi mmoja akidai peke yake, ataambiwa aende zake. Mkidai wote kwa sauti moja, mwenye duka atakaa chini kuzungumza, maana bila mikono yenu hana taa ya kuuza.

Umoja ni nguvu.