Karnivali kwa Wanafunzi wa Kihispania

Afundishaye Kihispania, ajapo kwenye neno carnaval, hukuta vitabu vingi vikimpa sura moja tu: vinyago, ngoma, na watu wajazao njia siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu. Sisi nasi tulifundisha hivyo, tukapata aibu yake. Mwanafunzi wetu mmoja alisoma habari za comparsa ya Cádiz, akatuandikia kuwa ni kundi la wachezaji wenye manyoya kichwani. Kosa halikuwa lake. Sisi ndisi tuliomfundisha maana ya Tenerife, tukamwacha adhani ndiyo maana ya kila mahali.

Kwanza asili ya maneno. Carnaval limetoka Italia, na shina lake la Kilatini ni kuondoa nyama. Neno la kale carnestolendas lasema jambo lilo hilo. Watu wa Galicia husema entroido, kutokana na introitus, yaani kuingia, maana waingia Kwaresima. Tena Kwaresima letu na Cuaresma lao ni ndugu, yote mawili yatokana na hesabu ya arobaini. Mwanafunzi wa pwani akumbushwe vunja jungu, karamu ya mwisho wa Shaabani kabla ya kufunga Ramadhani, naye hufahamu mara moja kwa nini watu washibe kabla ya kujinyima. Walakini mfano huu usivutwe mno: vunja jungu haina vinyago wala mashindano ya nyimbo.

Na nyimbo ndizo roho ya Cádiz. Huko makundi hushindana katika jumba la Gran Teatro Falla, nayo ni ya namna nne: coro, comparsa, chirigota na cuarteto. Comparsa huimba kwa uzito, pengine kwa uchungu. Chirigota hufanya mzaha, ikimchoma mkubwa na mdogo. Mwanafunzi aliyezoea Kihispania cha vitabu husikia kama lugha ngeni, kwa kuwa watu wa mji ule huilegeza s ya mwisho wa silabi, hata pengine haisikiki kabisa. Basi tusimpe wimbo mzima. Beti moja ya cuplé, isikilizwe mara tatu bila maandishi, yatosha.

Wala mzaha huo si mchezo mtupu. Mwaka 1937, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, utawala wa Jenerali Franco uliikataza karnivali. Baadaye Cádiz ilipata ruhusa ya sikukuu kwa jina jingine, Fiestas Típicas Gaditanas, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kwanza. Tenerife nao walisema Fiestas de Invierno, yaani sikukuu za majira ya baridi. Jina lenyewe lilirudi Cádiz mwaka 1977. Mwalimu asiyesema haya huwaacha wanafunzi wadhani kwamba watu hucheka kwa sababu ya kushiba tu.

Huko Tenerife wenye mzaha huitwa murga, na comparsa ni wacheza ngoma. Jumatano ya Majivu huzika sardini ya kuigiza, wakiililia kama maiti. Murga hilo hilo lilivuka bahari likafika Montevideo, likawa namna ya tamthilia yenye ngoma kubwa na matoazi, kando ya candombe, ngoma ya wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Oruro, nchini Bolivia, ni habari nyingine tena: wacheza diablada huvaa sura za mashetani, malaika Mikaeli akiwashinda, nao huicheza kwa heshima ya Bikira wa Socavón, ambalo maana yake ni njia ya chini ya mgodi.

Sasa kila neno tuliandikalo ubaoni twaliandikia chini yake jina la mji. Juma lililopita murga peke yake lilimaliza saa nzima, na candombe limengoja juma hili.