Santuri ya 1975 Itaishi Kuliko Flashi ya Juzi

Wengi wanaoingia Soko la Kenyatta jijini Nairobi, jirani na Kibera, hufuata nyama choma au kusukwa nywele. Wachache hupinda hadi kwa Jimmy Rugami, muuza santuri. Shika moja ya inchi 7, ya miaka ya 1970, uigeuze kwenye mwanga. Lebo inataja bendi, mtunzi, kampuni na namba ya toleo. Wimbo wenyewe mara nyingi umekatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, wa pili magitaa yakikimbia na watu wakitoka jasho. Na pale sindano inapokomea pana namba iliyokwaruzwa kwenye plastiki. Hata lebo ikibanduka, santuri bado inajitambulisha.

Sasa chomeka flashi ya dijei wa Kawangware ya mwaka 2012. Utakuta faili lenye jina kama "MIX 14 FINAL". Nani anapaza sauti juu ya midundo? Ilikuwa klabu gani, au ilitengenezewa matatu ya njia namba 46? Faili halisemi.

Tumezoea kuhofia vya zamani. Kwa muziki wa kucheza wa mitaa hii, mimi nahofia zaidi vya juzi. Santuri ikiepushwa na jua na vumbi hukaa miongo mingi. Kanda hulegea na kunata kwa unyevu, lakini fundi mwenye subira huiokoa. Diski ya kuchomwa nyumbani hutunza sauti kwenye rangi nyembamba inayopauka. Flashi hutunza kwa chaji ndogo za umeme ambazo, ikisahauliwa kwenye droo, huvuja polepole. Siku ikigoma, haigomi nusu.

Kazi kubwa iliyokwisha kufanywa imeegemea muziki wa zamani, na ilistahili. Shirika la Ketebul Music la Tabu Osusa, lililoanza 2007, lilitoa mwaka uliofuata kitabu cha historia ya muziki wa benga pamoja na sauti na filamu. Miksi za madijei hazijapata bahati hiyo, na sababu moja ni sheria: miksi imeundwa kwa nyimbo za watu wengine, kwa hiyo maktaba huogopa kuipokea na mitandao huifuta. Bahati mbaya, miksi ndiyo kumbukumbu ya usiku wenyewe: wimbo gani ulifuata upi, na umati ulipiga kelele wapi.

Chicago walilijua hilo. Dijei Frankie Knuckles alianza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse mwaka 1977, na muziki wa house ukachukua jina lake hapo. Leo santuri zake zimehifadhiwa Stony Island Arts Bank, benki ya zamani iliyokarabatiwa, na jengo la Warehouse lilitangazwa alama ya kihistoria ya jiji mwaka 2023. Lakini usiku wa Ron Hardy, dijei wa klabu ya Music Box, tunausikia leo kwa kanda zilizopita mkono kwa mkono, si kwa hisani ya kampuni yoyote.

Kibera ina la ziada. Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, bado wanacheza doluka harusini, ngoma ikiongozwa na akina mama. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imo kwenye video za harusi zilizolala makabatini.

Ukiwa na kanda, irekodi kwa faili la WAV, biti 24, kilohezi 96. Faili la MP3 linakili lilivyo. Kuligeuza WAV hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba, maana moto wa mtaani hauchagui. Kisha keti na dijei au shangazi aliyekuwapo, umwache asikilize huku simu ikirekodi maelezo yake: mwaka, mahali, majina. Na doluka ikirekodiwa kwa video, mwombe mpiga picha amwache bibi harusi kidogo, arudi nyuma hatua tatu, miguu iingie.