Kuzeeka: Yapi Yatokana na Umri, na Yapi Hayatokani Nao?

Mwalimu apendaye kuanzisha mjadala darasani na awatake wanafunzi wake waandike maneno matano yanayowajia mara wasikiapo neno "uzee". Aghalabu wataandika mkongojo, mvi, maradhi, usahaulifu. Pengine mmoja ataandika busara, kwa kuwa amefunzwa kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Lugha yetu yenyewe ina nyuso mbili katika jambo hili. Tukimwita mtu "mzee" twamheshimu, hata kama umri wake ni miaka 40 tu. Tukimwita "kikongwe" au "ajuza", heshima ile imekwisha kupungua. Na katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa mambo hayakuishia katika maneno. Kwa miongo kadhaa, wanawake wazee wameuawa huko kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi "ushahidi" uliotajwa ulikuwa wekundu wa macho yao. Kwa hiyo swali la uzee ni nini hasa si la maabara peke yake.

Kwanza tuondoe kosa moja la hesabu. Husemwa kwamba hapo kale watu hawakuzeeka, kwa sababu wastani wa maisha ulikuwa miaka 30 na kitu. Wastani humdanganya asiyeuchunguza. Wakizaliwa watoto wawili, mmoja akafa mchanga na mwenziwe akafa na miaka 70, wastani wao ni miaka 35, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyefariki katika umri huo. Wahadzabe, ambao kwa desturi huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi kandokando ya Ziwa Eyasi, ni mfano mzuri. Kwa vile watoto wao wengi walifariki mapema, wastani wao ulikuwa mdogo. Lakini mwanamke wa Kihadzabe aliyefikia miaka 45 aliweza kutazamia kuishi miaka ipatayo 20 zaidi.

Je, bibi hao walifanya kazi gani? Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe wakipima saa za kazi na uzito wa chakula kilicholetwa kambini. Walikuta kwamba wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi zaidi porini kuliko binti zao, wakichimba viazi mwitu katika ardhi ngumu kwa muo, yaani mti uliochongwa ncha. Katika taarifa yao ya mwaka 1997 walionyesha jambo la kustaajabisha: mama alipokuwa na mtoto mchanga, kuongezeka uzito kwa mtoto aliyeachishwa ziwa kulifuatana na juhudi ya bibi yake, wala si ya mama. Hapo ndipo ilipopata nguvu ile iitwayo nadharia ya bibi, isemayo kwamba maisha marefu ya binadamu baada ya uzazi kukoma yalijengeka kwa sababu bibi waliwalisha wajukuu. Nadharia hiyo ingali inabishaniwa, kama ipasavyo katika sayansi. Vipimo vya kilo na saa, hata hivyo, havibishaniwi, navyo havimwonyeshi bibi kuwa mzigo wa mtu yeyote.

La hasha, hatusemi kwamba umri hauna athari. Lenzi ya jicho, mathalani, hapana budi ivimbe kidogo ili tuone vitu vya karibu. Katika maisha yote lenzi huongeza tabaka mpya juu ya zile za zamani, nayo huzidi kuwa ngumu, hata mtu afikapo miaka 40 hivi haiwezi tena kuvimba vya kutosha. Mwandishi wa makala haya aligundua hayo akisahihisha mitihani: miandiko ya wanafunzi, aliyoilaumu kwa muda mrefu, ilisomeka vyema mara tu karatasi ilipowekwa mbali na uso. Dawa ya hali hii ni miwani tu. Katika jaribio lililofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, wafanyakazi wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uchumaji wao kuliko wenzao wasiopewa, kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 20. Ni mafundi cherehani wangapi walioacha kazi wakisema, "nimezeeka", kumbe walikosa miwani?

Wekundu wa macho ni jambo jingine kabisa. Haukuletwa na umri, seuze uchawi. Katika sehemu za Usukuma miti ni haba, na wengi wamepikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe katika majiko yasiyo na madirisha. Moshi huo huudhi ngozi nyembamba ifunikayo jicho; mishipa midogo ya damu hutanuka ili ipeleke damu zaidi mahali palipodhurika, na jicho huwa jekundu. Jambo hilo likirudiwa kila siku kwa miaka 40 au 50, wekundu haupoi tena. Maradhi kama vile trakoma nayo huongeza madhara. Wanaume, ambao aghalabu hawaketi mekoni, hawapati macho hayo kwa wingi. Yaani alama iliyotumiwa kumhukumia bibi kizee ilikuwa alama ya kuwapikia watu nusu karne.

Misuli nayo ina kisa chake. Baada ya miaka 30 hivi misuli huanza kupungua polepole, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba udhaifu wa mtu mzee sana hauna marekebisho. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, Marekani, walitoa matokeo ya kuwazoeza kunyanyua uzito kwa miguu wakazi kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja ya wale waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, maana yake zilikaribia mara tatu ya zile za mwanzo. Walipoacha mazoezi, nguvu zikaanza kupotea tena upesi. Sehemu kubwa ya udhaifu wao, basi, ilikuwa ya kukaa bila kazi. Hapa yafaa kujiuliza kama sisi, tunapomnyang'anya babu jembe kwa heshima na kumwambia, "Keti, upumzike", twamtendea wema wakati wote.

Limebaki la mawazo. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alichunguza habari za watu 660 wa mji mmoja wa Ohio, ambao miaka ipatayo 20 kabla, wakiwa na umri wa miaka 50 au zaidi, walikuwa wameulizwa waonavyo kuzeeka kwao: kwa mfano, kama waliamini kwamba mtu azeekapo manufaa yake hupungua. Walioutazama uzee wao kwa wema waliishi miaka 7.5 zaidi ya wenzao. Mwanafunzi makini atauliza: je, si kwamba wagonjwa ndio waliouchukia uzee? Levy naye alijiuliza hivyo, akazingatia katika hesabu zake afya, umri, mapato na upweke, tofauti haikutoweka. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi chanzo kama jaribio la maabara lithibitishavyo, lakini njia zake zaweza kufikirika: aaminiye kwamba maumivu ya goti ni "uzee tu" haendi zahanati, wala hatembei.

Jaribio moja laweza kufanywa na wanafunzi, kwa idhini ya wazee wa nyumbani kwao. Mzee aketi kitini, mikono ikipishana kifuani, kisha ainuke wima na kuketi tena mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30; idadi iandikwe. Afanye zoezi hilo siku tatu kila wiki, na kipimo kirudiwe baada ya wiki 8. Kiti kiwe imara na kiegemezwe ukutani, mtu mzima asimame karibu, na mwenye maradhi ya moyo au aliyeanguka siku za karibuni asishirikishwe.