Vilima vya Kipini na Maji ya Bara

Mtu wa Lamu apendaye kuuona mto mrefu kuliko mito yote ya Kenya hahitaji kwenda bara. Na afike Kipini, mahali Mto Tana uingiapo baharini. Huko ataona mikoko, viboko na ndege wa pwani, na vilima vya mchanga vilivyoikabili bahari mithili ya ukuta wa mji. Tangu mwaka 2012 delta hii, yenye hekta 163,600, imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Tunawahimiza wasomaji wetu waizuru, ila wasivipande vilima hovyo. Majani yatambaayo ndiyo yaushikayo mchanga. Yakikanyagwa yakafa, upepo huuchukua.

Hata hivyo, nyayo za mgeni si hatari kubwa. Mchanga ule ni kazi ya mto: mafuriko huuteremsha kutoka bara, mawimbi huurudisha ufuoni, na upepo huurundika. Lakini bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na mabwawa mengine ya juu huzuia mchanga na kupunguza mafuriko. Mto ukidhoofika, maji ya chumvi hupanda na kuyafikia mashamba ya mpunga.

Kwa hiyo tunawakumbusha wakuu wa serikali kwamba ahadi ya mwaka 2012 haitimizwi Kipini peke yake. Hutimizwa pia mabwawani, kila maji yagawiwapo. Delta nayo ipewe fungu lake, na Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji waulizwe kabla ya mgawo, si baada yake.