Kubadili Ganda la Virusi Vibebaji ili Kufikisha Jeni Katika Seli za Misuli

Ugumu mkubwa wa tiba ya jeni kwa maradhi ya misuli umo katika wingi wa virusi ambavyo havina budi kuingizwa mwilini. Misuli ni sehemu kubwa ya uzito wa mwili, nayo imetawanyika kuanzia kope hadi kiwambo cha kupumulia. Kwa kuwa haiwezekani kuidunga mmoja mmoja, dawa hupitishwa katika mshipa wa damu, na ini hukamata sehemu kubwa ya virusi kabla havijafika vinakokusudiwa.

Kibebaji kinachotumika zaidi ni AAV, virusi vidogo visivyojulikana kusababisha ugonjwa kwa binadamu. Jeni zake huondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na jeni ya tiba. Nafasi hiyo ni finyu: takriban herufi 4,700 za DNA. Katika ugonjwa wa Duchenne, unaowadhoofisha hasa wavulana tangu utotoni, maelekezo ya kuunda protini ya distrofini hufikia takriban herufi 11,000. Ndiyo maana hutumika distrofini iliyofupishwa. Tiba ya aina hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 hutolewa kwa dozi ya takriban virusi trilioni 133 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 hupokea zaidi ya trilioni 2,600 kwa mara moja.

Hesabu hizo zina gharama yake. Katika jaribio la kutibu ugonjwa mwingine adimu wa misuli, unaotokana na kasoro ya jeni ya MTM1, watoto wanne walifariki kati ya mwaka 2020 na 2021 baada ya kupata matatizo ya ini. Watatu kati yao walikuwa wamepewa dozi ya juu. Dozi kubwa pia hupandisha bei, kwa kuwa virusi hivyo huzalishwa ndani ya seli hai na kusafishwa kwa hatua nyingi.

Njia iliyoonyesha matumaini zaidi ni kubadili ganda lenyewe. Ganda la AAV huundwa kwa protini 60, na juu yake kuna vijitokezo vinavyogusana na vipokezi vya seli. Watafiti huchomeka kipande kifupi cha asidi amino, mara nyingi saba, katika kijitokezo kimojawapo. Badala ya kubuni kipande kimoja, huunda mamilioni ya maganda tofauti, huyadunga kwa mnyama kwa pamoja, kisha huchunguza yaliyofika kwenye misuli. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kufika si kufanya kazi. Virusi vinaweza kuingia ndani ya seli na jeni yake isisomwe kamwe. Kwa hiyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na wanasayansi wa Taasisi ya Broad, Marekani, uteuzi ulifuata RNA iliyotengenezwa ndani ya misuli, wala si DNA iliyofika tu. Maganda yaliyoshinda, yaitwayo MyoAAV, yalikuwa na mfuatano wa arginini, glisini na asidi aspatiki, ambao hushikamana na integrini zilizo juu ya seli za misuli. Kundi la Heidelberg, Ujerumani, lilikuwa limeripoti mwaka 2020 ganda la AAVMYO lenye mfuatano uleule. Kwa panya wenye kasoro ya MTM1, MyoAAV ilileta nafuu kwa dozi ndogo sana kuliko zile za jaribio la binadamu lililotajwa. Maganda ya jamii hiyo yalifanya vizuri pia kwa makaku na katika seli za misuli za binadamu maabarani. Hata hivyo, panya si mtoto, na tofauti hiyo imeshawahi kuwaangusha watafiti.

Ganda jipya haliondoi kikwazo cha kingamwili. Watu wengi wameambukizwa AAV kiasili bila kujua, na kingamwili zao zinaweza kutambua hata ganda lililobadilishwa, hivyo huenguliwa katika tiba. Kiwango cha kingamwili hizo hutofautiana baina ya maeneo ya dunia. Takwimu za Ulaya haziwezi kutumika Afrika Mashariki bila kupimwa upya. Kazi hiyo huhitaji sampuli za damu zilizohifadhiwa vizuri na maabara ya kukuza seli, na inaweza kuanza kabla dawa yoyote haijaagizwa.