Bibi, Menyu na Kafe ya Mpendae

Bumu la muhula huu lilipoingia nilijiwekea ahadi moja: nimtoe bibi yangu. Bibi ndiye aliyenilea, kanisomesha kwa mandazi ya kuuza asubuhi, na umri wake wote hajawahi kukaa kwenye kafe akahudumiwa. Sisi tunakaa karibu na Mpendae, na siku hizi pale pamefunguliwa kafe moja nzuri kwelikweli: taa za kuning'inia, viti vya mbao vyenye mito, maua ukutani, kiyoyozi na muziki wa taratibu. Jina lake naliacha, maana nitakayoyasema si ya kafe hiyo peke yake.

Tukaingia baada ya Alasiri. Mhudumu, kijana wa rika langu aliyevaa aproni nyeusi, akatupokea kwa Kiingereza, akatupa menyu mbili, akasimama na kalamu yake. Bibi akaifungua menyu, akaipindua, akatazama picha, halafu akaniinamia. "Muulize kama wana chai ya maziwa." Nikauliza. Kijana akajibu wana late, wana kapuchino, na wana chai za namna tatu, akazitaja majina kwa kasi hata mie nikashika moja tu. Bibi akaifunga menyu. "Agiza wewe mwanangu. Mie nishashiba."

Hakuwa ameshiba. Tulitoka nyumbani na njaa makusudi. Na mimi, mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu, badala ya kumsomea nikaona haya, watu wa meza ya pili wasije wakatusikia. Nikaagiza kitu ambacho bei yake ilikuwa ndogo kuliko vyote, na nisichokijua: espreso. Kikaja kikombe kama cha watoto kuchezea, ndani yake kitu cheusi, kidogo. Bibi akakinusa. "Si kahawa hii? Ungeniambia tu." Basi akanywa maji, tukaondoka.

Makala hii naiandika kwa sababu ya bilauri ile ya maji. Nataka nieleze menyu ya kafe inafanya kazi gani hasa, kwa nini imekuwa vile ilivyo, na sisi wateja tufanye nini.

Kafe na mkahawa ni neno moja

Kwanza tuondoe woga. Kafe si kitu kigeni kwetu. Neno la Kiarabu la kahawa ndilo lililotupa sisi "kahawa", na kahawa ikazaa "mkahawa". Neno hilohilo likapita Uturuki, likafika Italia, na kule Ufaransa likawa café, ambalo maana yake ni kahawa na vilevile nyumba ya kunywea kahawa. Kwa hiyo aliyeandika "kafe" kwenye kibao na aliyeandika "mkahawa" wametumia neno moja lililosafiri njia mbili. Hata ile moka iliyomo kwenye menyu imetoka ujiranini. Mokha ni bandari ya Yemen, kwenye Bahari ya Shamu, na kahawa ya Yemen ilisafirishwa kutoka pale mpaka jina la bandari likawa jina la kinywaji.

Na kuhudumiwa kahawa tumekujua zamani. Nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe, wakati wa jioni. Muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata pembeni. Anakumiminia, unakunywa, anakisuuza kikombe, anampa mwenzio. Wazee wanabishana siasa na mpira, huku bao linaendelea. Menyu haipo na haihitajiki, kwa sababu kinachouzwa ni kimoja na kila mtu anakijua.

Macho na maneno

Sasa njoo kwa muuza urojo. Yeye ana vitu vingi, lakini vyote viko mbele yako: bajia, kachori, mbatata, mishikaki, chipsi za muhogo, chatne, pilipili. Unanyoosha kidole. Anakuuliza, "Kachori ngapi? Pilipili nitie?" Hata mgeni asiyejua neno moja la Kiswahili anaondoka na bakuli lake. Forodhani usiku ni hivyohivyo.

Kwenye kafe, chakula kiko jikoni, nyuma ya mlango. Hukioni, hukinusi. Badala ya macho umepewa maneno. Ndiyo maana nasema menyu si pambo la meza. Ile ni kazi yote ya muuza urojo, kuonesha, kutaja na kuuliza, imehamishiwa kwenye karatasi. Karatasi isiposomeka, mteja ni kama amefungwa kitambaa usoni.

Na msidhani bibi hajui kusoma. Anasoma Msahafu, anasoma Zanzibar Leo, na miwani yake haikosi mkobani. Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi asiyejibu si lazima awe hajui jibu. Pengine hakulielewa swali. Bibi anaijua chai, anayajua maziwa na kahawa kuliko mimi. Alichokosa ni kuulizwa kwa lugha yake.

Kwa nini imekuwa hivi

Kafe za namna hii zilianza kuzoeleka Mji Mkongwe na kwenye fukwe kama Nungwi na Paje, ambako mteja mkubwa ni mtalii. Menyu ikaandikwa kwa lugha anayoijua mnunuzi, na wahudumu nao wakaandaliwa kumpokea mgeni kwa Kiingereza. Hilo si kosa, ni biashara, na wenzetu wanaosoma utalii pale Maruhubi ndiyo ajira wanayoitarajia. Shida imekuja pale menyu hiyo ilipohamia Ng'ambo kama ilivyo.

Ng'ambo, kama jina lenyewe linavyosema, ni upande wa pili wa ule mkondo wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe, ambao siku hizi umebaki kwenye jina la Barabara ya Creek. Huku ndiko tunakokaa wenyeji, na Mpendae ni huku. Siku ile ndani ya kafe hamkuwa na mtalii hata mmoja. Mlikuwa na familia, wanachuo, na mabwana wawili waliokuwa wakizungumza biashara ya saruji kwa Kiswahili kikavu. Wote tumeshika menyu ya Kiingereza.

Kinachouma zaidi ni historia. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na uamuzi huo ulipitishwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Lugha ya mji huu ndiyo watoto wanayofundishwa Mwanza, Nairobi na kwingineko. Halafu bibi wa mji huuhuu anakosa neno la kuagizia chai.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu asubuhi, watu wakiwa hawajaja, nikamuuliza yule mhudumu. Akajibu vizuri, wala hakukasirika. "Dada, bibi yako ningemkuta njiani ningempa shikamoo yake. Hapa tumeelekezwa tuanze na Kiingereza." Halafu akaniambia jambo lililonichoma. Kuna siku alimueleza mteja kijana, kwa Kiswahili, kapuchino ni kitu gani. Yule akamrukia: "Kwani umeniona mie sijasoma?" Tangu hapo haelezi mpaka aulizwe.

Kumbe si mwenye kafe peke yake anayeiweka menyu ile hai. Tunaiweka hai na sisi tunaotikisa kichwa kwa tusichokijua. Mimi nilikuwa mmoja wao, na bei yake aliilipa bibi.

Tuisome sasa

Vinywaji vya kahawa kwenye kafe karibu vyote vina mzizi mmoja, nao ni hiyo espreso. Mashine inasukuma maji ya moto kwa nguvu kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini, kwa muda wa kama nusu dakika, na kinachotoka ni kidogo, kizito, kichungu. Ni ndugu wa kahawa tungu ya barazani, ila dele linachemsha na mashine inakamua.

Kutoka hapo hesabu ni rahisi. Espreso ukiiongeza maji ya moto ni amerikano. Ukiiongeza maziwa mengi yaliyopashwa kwa mvuke, na povu jembamba juu, ni late, na neno lenyewe kwa Kiitaliano ni maziwa tu. Maziwa yakipungua na povu likawa nene ni kapuchino. Ikitiwa chokoleti ni moka. Smuthi ni juisi nzito ya matunda yaliyosagwa, mara nyingi pamoja na mtindi au maziwa. Rapu ni mfano wa chapati iliyofungiwa nyama au mboga ndani. Sasa kuna la kuogopa hapo?

La pili ni kusubiri. Kwa muuza biriani chakula kimeshaiva, yeye anapakua tu. Kafe nyingi zinaanza kupika ukishaagiza. Usikae ukanuna dakika 40, uliza mapema, "Hiki kitachukua muda gani?" Kama una kipindi saa nane, mwambie.

La tatu ni bili. Yasome yale maandishi madogo ya mwisho wa menyu. Kwa biashara iliyosajiliwa, kodi ya VAT ya huku Zanzibar ni 15%. Kama bei zilizoandikwa hazijajumuisha kodi hiyo, sahani ya shilingi 20,000 itakujia 23,000, na kwa mwanachuo hizo 3,000 ni nauli. Bakshishi ni kitu kingine. Hiyo unatoa kwa hiari yako ukiridhika, na mhudumu aliyekueleza vizuri anastahili.

Kwa wenye kafe ombi langu ni dogo. Sisemi muondoe majina ya Kiitaliano wala Kiingereza. Wekeni mstari mmoja wa Kiswahili chini ya kila jina, kama hivi: "Late: kahawa kidogo, maziwa ya moto mengi." Na mhudumu aanze na salamu ya mtaani kwao, kisha aulize, "Nikueleze?" Neno hilo halimdharau mtu. Aliyesoma atasema hapana, ahsante, na asiyeijua menyu atakuwa amepewa mlango wa kuingilia.

Na kwetu sisi wanachuo: ulizeni kwa sauti. Wa meza ya pili naye pengine anasubiri mtu aulize.

Mara ya pili

Nilimrudisha bibi mwezi uliofuata. Alikataa mara mbili, ya tatu akavaa. Safari hii yule kijana alimuona akaanza na shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akakaa vizuri. Mimi nikaifungua menyu nikamsomea yote kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kama ninavyosoma darasani wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hakuna aliyegeuka kututazama, ila kijana alisogea karibu akasikiliza.

Bibi akaagiza late. Akaionja, akanyamaza, akaonja tena. "Haya ni maziwa yaliyopitiwa na kahawa," akasema. "Si mabaya." Kisha akamuuliza mhudumu, "Mwanangu, iliki mnayo?" Kwenye menyu haikuwemo. Jikoni ilikuwemo, maana wanapika pilau. Ikaletwa kwenye kisahani, akaipondaponda kwa kijiko, akaitia, akamaliza kikombe. Mkate wa nyama nao aliumaliza.

Menyu mpaka leo ni ileile, sijaona mstari wa Kiswahili. Lakini bibi anasema anataka kumpeleka jirani yake, na safari hiyo mimi nitakuwa chuoni. Kwa hiyo juzi nimemuandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kila jina na maana yake. Ameisoma mara moja, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli yake.